Elimu ya Dini na Umoja wa Waislamu: Mfano wa Ujiji

Ujiji, mji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Karne ya 19 walikutana hapo Waarabu, Waswahili wa pwani, wenyeji Wajiji, na Wamanyema kutoka Kongo, baadhi yao wakiwa watumwa.

Katika mji kama huo, nani aongoze swala? Hadithi iliyopokewa na Muslim yajibu: aliyeisoma zaidi Qur'ani. Nasaba haikutajwa. Salim, maula wa Abu Hudhayfa, aliyewahi kuwa mtumwa, aliwaswalisha Muhajirina wa mwanzo kule Quba (Bukhari).

Wazazi wa visiwani nasi tuwafundishe watoto madrasa hukumu hii pamoja na sababu yake, wasije wakabaguana msikitini kwa kabila. Wallahu a'lam.