KIRATI NA KARATI: NENO MOJA, HUKUMU MBILI

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu msomaji, kuanzia Kambarage hapa Shinyanga hadi machimbo ya Geita, neno "karati" halikauki midomoni mwa watu. Wengi hulidhania kuwa ni la Kiingereza. Waingereza walilipata kwa Wafaransa na katika Kilatini cha zama za kati, nacho kililichukua kwa Waarabu: qirat. Waarabu nao walilipokea kutoka Kiyunani, keration, yaani tunda la mkharubu, ambalo mbegu zake zilipimiwa vitu vidogo.

Kirati kimo katika Sunna. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kuwa mwenye kuhudhuria jeneza mpaka likaswaliwa ana kirati kimoja, na mpaka likazikwa ana viwili, mfano wa milima miwili mikubwa.

Ama hesabu ya 24, Warumi waliigawa sarafu yao ya dhahabu mafungu 24. Ibn al-Athir ameeleza kuwa kirati ni sehemu ya 20 ya dinari katika nchi nyingi, na kwa watu wa Sham ni sehemu ya 24.

Leo neno hili lina maana mbili. Kwa almasi ni uzito: karati moja ni gramu 0.2. Almasi ya waridi ya Mwadui, aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947, ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kuchongwa, yaani gramu 10.9 tu. Kwa dhahabu ni usafi: karati 24 ni halisi, na karati 18 ni robo tatu.

Asiyetofautisha maana hizi huharibu zaka yake. Almasi haina zaka kwa jamhuri ya wanavyuoni, ila ikiwa ni bidhaa ya biashara. Dhahabu ya akiba nisabu yake ni mithqali 20, takriban gramu 85 za dhahabu halisi. Mwenye gramu 100 za karati 18 ana gramu 75 halisi. Hajafikia nisabu kwa dhahabu hiyo peke yake. Mwenye gramu 120 ana 90. Ukitimia mwaka, atoe sehemu moja ya 40.

Basi kabla ya kupiga hesabu, muulize sonara ni karati ngapi.

Wallahu a'alam.