Dirisha na Jiko la Rais

Pale Market Street inapokatana na Sixth Street, katikati ya jiji la Philadelphia, wanaakiolojia walifukua mwaka 2007 misingi miwili iliyoachana kwa hatua chache tu. Mmoja umepinda kama nusu duara. Ni wa dirisha kubwa ambalo George Washington aliagiza lijengwe alipohamia hapo, apate mahali pa kusimama kwa heshima anapopokea wageni, na wapo wanaoamini kwamba ofisi ya duara ya marais wa leo ina asili yake hapo. Msingi wa pili ni wa jiko. Kutoka jikoni ilionekana njia ya chini kwa chini iliyoelekea nyumba kubwa, ili watumishi wapite na kazi zao bila kuonwa na wageni, na miongoni mwa watumishi hao walikuwamo watumwa wa rais. Mawe haya yanatoa ushahidi ambao simulizi za waasisi wa Marekani ziliukwepa kwa muda mrefu. Utumwa ndani ya nyumba ile haukuwa mabaki ya mila ambayo watu wema waliirithi bila kuitafakari. Ulilindwa kwa makusudi, kwa kuhesabu miezi na kwa hila, na mtu aliyejua fika anachofanya.

Washington alikaa katika nyumba hiyo tangu 1790 hadi 1797, Philadelphia ilipokuwa makao makuu ya muda ya taifa wakati mji mpya ukijengwa kando ya mto Potomac. John Adams akafuata. Serikali ilipohama mwaka 1800 nyumba ikageuzwa hoteli, kisha maduka, na mwaka 1832 sehemu yake kubwa ikabomolewa. Kuta zilizosalia ziliangushwa mwaka 1951, eneo lilipokuwa likisafishwa kwa ajili ya bustani ya kuenzi uhuru, na kiwanja cha rais wa kwanza kikapewa choo cha umma. Umbali mfupi kutoka hapo lilihifadhiwa kwa uangalifu mkubwa jengo ambamo Azimio la Uhuru lilipitishwa mwaka 1776 na Katiba ikaandikwa mwaka 1787. Kwa vizazi viwili mgeni aliyekuja kujifunza mwanzo wa Marekani aliona ukumbi wa maneno mazuri, asione nyumba ambamo maneno hayo yalipimwa kila siku.

Huenda mtu akauliza: kuchimba kwa nini, ilhali barua za Washington zipo na zimechapishwa? Swali ni la haki, kwa kuwa habari nyingi za nyumba hiyo hakika zilikuwa zimelala kwenye vitabu. Lakini habari iliyolala kitabuni haimsumbui mpita njia. Mwaka 2002 mtafiti Edward Lawler alichapisha ramani na maelezo yaliyoonyesha kwamba jengo jipya la Kengele ya Uhuru lingekuwa na mlango wake hatua chache kutoka mahali walipolala watumwa wa Washington waliohudumu kwenye banda la farasi. Hapo watu wa jiji, Waamerika Weusi wakiwa mbele, wakadai ukweli huo usifukiwe mara ya pili. Ikumbukwe kwamba hata jina la kengele hiyo lilienezwa na wapinga utumwa katika miaka ya 1830. Kabla yao ilikuwa kengele tu ya jengo la serikali ya jimbo. Uchimbaji ulipoanza, watu walifurika siku kwa siku kutazama shimo. Mwaka 2010 ukafunguliwa ukumbusho wenye majina tisa yaliyochongwa ukutani: Austin, Paris, Hercules, Richmond, Christopher Sheels, Giles, Moll, Joe na Oney Judge.

Sasa tuitazame hila yenyewe. Mwaka 1780 jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kuufuta utumwa kidogo kidogo. Mgeni aliyeingia na mtumwa na kukaa naye miezi sita mfululizo angeweza kumpoteza, maana mtumwa alipata haki ya kudai uhuru wake. Wabunge wa taifa walisamehewa sharti hilo, rais hakutajwa. Mwaka 1788 jimbo likaziba mwanya mwingine kwa kuwakataza mabwana kuwatoa watumwa nje ya mipaka ili hesabu ya miezi ianze upya. Washington alifanya jambo hilohilo lililokatazwa. Katika barua ya Aprili 1791 alimwagiza katibu wake, Tobias Lear, watumwa warudishwe Virginia kwa kisingizio kitakachowadanganya wao wenyewe na umma pia, na siri ibaki baina ya Lear, yeye na mkewe Martha. Mwezi uliofuata Martha akavuka mto Delaware kwenda Trenton kwa siku mbili, akiwa na Oney na Christopher. Safari fupi namna hiyo, kwa macho ya jirani, ni bibi wa heshima ametoka kutembea. Kwa hesabu ya nyumba, ni miezi sita iliyofutwa.

Oney, ambaye siku hizi wengi humwita Ona, alikuwa mjakazi wa ndani wa Martha na fundi hodari wa sindano. Alikuwa mzalia wa Mount Vernon, shamba la Washington huko Virginia, na mama yake, Betty, alikuwa mshonaji kabla yake. Kisheria hakuwa mali ya Washington. Alihesabiwa katika urithi wa mume wa kwanza wa Martha, na alipopata habari kwamba atatolewa zawadi kwa mjukuu wa bibi yake, akaamua. Tarehe 21 Mei 1796, mabwana wakiwa mezani, alitoka mlangoni. Marafiki zake Weusi walikuwa wamekwisha kumbebea mizigo, na jahazi likamfikisha Portsmouth, New Hampshire. Kiswahili cha pwani kina neno lake kwa mtu kama huyu, mtoro, na tangazo la gazeti lililotolewa siku chache baadaye lilimweleza kama mabwana wote wanavyoeleza watoro wao: rangi yake, nywele zake, nguo nyingi nzuri alizoondoka nazo, na kwamba hapakuwa na sababu yoyote ya kutoroka. Zawadi ilikuwa dola 10.

Ofisa wa forodha wa Portsmouth alipomwona kwa niaba ya rais, Ona alisema angekubali kurudi iwapo angeahidiwa uhuru baada ya Washington na Martha kufariki. Rais alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kumkubalia kungekuwa kumtuza asiye mwaminifu na kuwavunja moyo waliobaki watiifu. Mwaka 1799 mpwa wa Martha alijaribu tena kumrudisha, na Ona akaonywa mapema akajificha. Yote haya yalifanyika wakati Washington alikuwa na sheria ya watoro ya 1793 aliyoitia saini mwenyewe akiishi Philadelphia, sheria iliyompa bwana haki ya kumfuata mtumwa wake hadi jimbo lingine.

Watetezi wa Washington huleta wasia wake, na ni lazima usomwe kwa uadilifu. Aliagiza watumwa wake 123 waachwe huru, jambo ambalo waasisi wengi wenzake wa Virginia hawakulithubutu, na Martha alilitimiza Januari 1801. Sina haja ya kulipunguza. Lakini wasia huo haukuwagusa watu 153 wa urithi wa Custis, yule mume wa kwanza wa Martha, ndugu wa Ona wakiwamo, na familia zilizooana kati ya makundi hayo mawili zikapasuka. Zaidi ya hapo, aliyeandika wasia huo mwaka 1799 ni yuleyule ambaye mwaka huohuo alitaka Ona arudishwe. Ukarimu wa mtu akifa haufuti alichokikataa akiwa hai.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema tusiwahukumu watu wa kale kwa mizani ya leo. Ningelikubali kama mizani ya wakati ule ingekuwa moja. Katika mji huohuo, mwaka 1787, Richard Allen na Absalom Jones, wote wawili waliowahi kuwa watumwa, waliunda jumuiya ya kusaidiana ya Waafrika huru, na mwaka 1794 Allen akafungua kanisa lake kwenye Sixth Street hiyohiyo. Mwanasheria mkuu wa serikali ya Washington, Edmund Randolph, ndiye aliyekuja kumwonya Martha, kwa sababu watumwa wake mwenyewe walikuwa wamemwarifu kwamba wanadai uhuru kwa sheria ya jimbo. Na mtu hafichi jambo ambalo umma wote unaliona halali. Barua ya 1791 inatosha kuonyesha kwamba rais alijua umma wa Philadelphia ungesema nini.

Hercules, mpishi mkuu, alijua pia. Alikuwa bingwa wa jiko lile, mtu wa nguo za hariri na mkongojo wenye kichwa cha dhahabu, aliyeruhusiwa kuuza mabaki ya jikoni akapata fedha zake. Kwa macho ya mabwana hakukosa kitu. Mwishoni mwa 1796, Washington alipoanza kumshuku, alimbakiza Mount Vernon akapewa kazi ngumu za shamba. Tarehe 22 Februari 1797, siku Philadelphia iliposherehekea miaka 65 ya kuzaliwa kwa rais, Hercules akatoweka. Wiki chache baadaye Louis-Philippe, mwana wa kifalme aliyekuja kuwa mfalme wa Ufaransa, alitembelea Mount Vernon, na mtumishi wake akamuuliza binti mdogo wa Hercules kama hasikitiki kwamba hatamwona baba tena. Mtoto alijibu kwamba amefurahi sana, kwa kuwa sasa baba yake ni huru.