Mjomba, Bahari Haisomi Hati

Wiki iliyopita mjomba alinipigia simu. Kapata kiwanja ufukweni, bei nafuu, anataka tuchange. "Wewe si mwandishi wa habari? Basi niulizie kama hati ni safi."

Hati nimeiulizia. Lakini kilichoninyima usingizi si hati, ni mchanga. Katika kusomasoma nikakutana na habari za kisiwa kimoja cha Marekani kinachoitwa Assateague, nikaona niwasimulie.

Assateague ni kisiwa chembamba cha mchanga, kirefu kama kilometa 60, kilichojilaza mbele ya majimbo ya Maryland na Virginia kama baraza mbele ya nyumba. Upande mmoja bahari ya Atlantiki, upande wa pili ghuba yenye maji matulivu, kisha ndipo bara.

Sasa tufani ikija hufanya nini? Wengi tunadhani inakula ardhi, basi. Kumbe hapana. Mawimbi hupanda matuta, huyabomoa, na kuuvusha mchanga hadi upande wa pili wa kisiwa, unakotandazwa kama unga kwenye ungo. Baadaye majani ya kinamasi huota juu yake. Mbele kisiwa kimepunguzwa, nyuma kimeongezwa. Yaani kisiwa kinahama! Ndiyo maana ufukweni Assateague, upande wa bahari, hujitokeza udongo mweusi wa kinamasi cha zamani. Kinamasi hakikuhama. Ni kisiwa kilichopita juu yake.

Hadi mwaka 1933 Assateague iliungana kwa nchi kavu na mji wa mapumziko wa Ocean City, ulioko kaskazini yake. Mwezi Agosti mwaka huo ikaja tufani. Mvua kubwa ikajaza ghuba, na maji yalipotafuta njia ya kutokea yakaukata ukanda ule wa mchanga na kufungua mlango wa kuingia baharini. Mji ukafurahi. Wavuvi waliokuwa wakihangaika kuvusha mashua zao kwenye mawimbi sasa walikuwa na njia. Serikali ikajenga haraka kuta za mawe pande zote mbili ili mlango usizibe.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Pwani ile mchanga husafiri na mawimbi, kwa sehemu kubwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Kuta zikaukamata. Ufukwe wa Ocean City karibu na ukuta ukanenepa, na Assateague ya kaskazini ikanyimwa chakula chake. Kila tufani ikawa inachukua na kuvusha, bila mchanga mpya kuja mbele. Ncha ile ikarudi nyuma mamia ya mita kuelekea bara. Ukiitazama kwenye picha ya angani utadhani kipande kimoja cha pwani kimesukumwa ndani kwa mkono.

Wauza viwanja hawakustuka. Miaka ya 1950 Assateague ilipimwa viwanja kwa maelfu, barabara ya lami ikawekwa, watu wakanunua. Hati zilikuwa safi kabisa! Kisha Machi 1962 dhoruba kubwa ikang'ang'ania pwani ile kwa siku tatu hivi, maji yakijaa mara tano mfululizo kabla ya mawimbi kutulia. Nyumba nyingi kati ya chache zilizokuwa zimejengwa zikaharibiwa, na barabara ikakatwakatwa na kufukiwa na mchanga. Mwaka 1965 kisiwa kikafanywa hifadhi ya taifa. Leo hii wageni huenda kutazama farasi wa porini, na vipande vya lami ile bado vinaonekana kati ya matuta.

Na ule mlango? Bado uko wazi. Tangu 2004 meli huchota mchanga uliokwama hapo na kwenda kuumwaga mbele ya ncha ya kaskazini. Kazi iliyofanywa na mawimbi bure, sasa inafanywa kwa fedha za walipa kodi.

Sisemi Dar es Salaam ni Maryland. Vimbunga kwetu ni nadra, na kiwanja cha mjomba kiko bara, si kisiwani. Lakini nenda Kunduchi uone kuta za mawe zilizoingizwa baharini kuokoa fukwe za hoteli. Watafiti wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba kuchimba mchanga kwenye mito ya huko kunaunyima ufukwe mchanga wake. Tunachota juu, kisha tunashangaa bahari inaposogea chini.

Kwa hiyo jana nimempigia mjomba. Nikamwambia hati ni safi, ila kabla ya kulipa aende kwa wazee wavuvi wa pale awaulize swali moja: walipokuwa watoto, maji yalikuwa yanaishia wapi?

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Na wewe nawe, una maneno!" Lakini ameahidi kwenda Jumamosi. Nami nitakuwa naye.