FRINTON-ON-SEA: Mji wa geti kali uliokaa bila pabu hadi mwaka 2000

Mtoto wa geti kali kila mtu anamjua. Lakini mji mzima wa geti kali je? Upo, tena Uingereza, pwani ya mashariki, katika jimbo la Essex. Unaitwa Frinton-on-Sea, na geti lake lilikuwa geti kweli: la mbao, la kufungua na kufunga kwa mkono.

Frinton ilikuwa kijiji tu cha kanisa dogo na mashamba. Treni ilianza kupita hapo mwaka 1867 ikielekea mji jirani wa Walton, lakini stesheni yake yenyewe ilipatikana 1888. Miaka hiyo watu wa London walikuwa wameshanogewa na bahari. Walton upande mmoja, Clacton upande wa pili, kote kulikuwa na burudani, vyumba vya bei poa na umati wa wafanyakazi siku za sikukuu.

Basi mwaka 1893 akatokea tajiri mmoja akanunua eneo lile. Ukoo wake ulitajirika kwa dawa ya kuogeshea kondoo, lakini mji alioutaka ulikuwa wa mabwana na mabibi. Pabu marufuku. Nyumba za kulaza wageni wa bei rahisi marufuku. Badala yake kukawa na uwanja wa gofu, tenisi, barabara zenye miti, na uwanda mrefu wa nyasi juu ya bahari unaoitwa Greensward. Barabara ya maduka, Connaught Avenue, ikaanza kufananishwa na Bond Street ya London.

Na geti? Liliwekwa pale barabara inapokatiza reli, ili watu wasigongwe na treni. Basi! Lakini ilikuwa ndiyo njia kuu ya kuingilia mjini, na taratibu watu wakaligeuza mpaka. Kuna wa "ndani ya geti" na wa "nje ya geti". Hadi matangazo ya kuuza nyumba yakawa yanaandika hivyo, maana neno hilo moja lilikuwa linapandisha bei.

Bahari lakini haina geti. Miaka ya 1960 meli ya redio ya maharamia, Radio Caroline, ilitia nanga mbele ya mji huu, nje ya mipaka ya sheria, ikipigia vijana muziki wa pop mchana kutwa. Usiku mmoja wa Januari 1966 dhoruba ikakata nanga, meli ikasukumwa hadi ufukweni, palepale Frinton! Watangazaji wakaokolewa kwa kamba, mmoja mmoja. Baadhi yao wakaja kuwa sauti kubwa za BBC. Fujo yote iliyokuwa ikizuiliwa nchi kavu ikaingia kwa mlango wa nyuma.

Hata hivyo mji ulikaza. Duka la samaki na chipsi, chakula ambacho huwezi kuikosa pwani ya Uingereza, lilifunguliwa ndani ya geti mwaka 1992. Pabu ya kwanza ikaja mwaka 2000, na wapo waliopinga kana kwamba adui amevamia. Pombe yenyewe ilikuwepo siku zote, kwenye baa za hoteli. Kilichoogopwa si bia, ni mnywaji.

Pigo la mwisho likaja Aprili 2009. Kampuni ya reli ilitaka vizuizi vya kujiendesha, vinavyoongozwa kutoka Colchester. Wakazi wakapinga kwa nguvu, lakini alfajiri ya Jumamosi moja, wengi wakiwa bado wamelala, mafundi wakayang'oa mageti.

Kumbe mji haukuanguka. Nyasi zipo, vibanda vya mbao vya ufukweni vipo, na bado watu wanasema "ndani ya geti" ingawa geti lenyewe halipo. Hapo ndipo penye somo. Wapo waliolilia utulivu wao na kazi ya mlinzi wa geti, na walikuwa na haki. Lakini wapo pia waliolilia ule mstari wa kuwatenga na wenzao, na mstari huo haukuwa kwenye mbao.

Wadau, mtaani kwenu geti liko wapi, barabarani au vichwani?