Vifaa Tiba vya Kuvaliwa

Vifaa tiba vya kuvaliwa ni vyombo vidogo vya kielektroniki vinavyokaa mwilini kwa mkanda, plasta, pete au saa, na kupima hali ya mvaaji huku akiendelea na shughuli zake. Hupima mapigo ya moyo, mwendo, usingizi, joto, oksijeni au sukari, kisha hutuma vipimo hivyo kwenye simu au kompyuta. Baadhi ni vya hospitali na hutolewa kwa maelekezo ya daktari. Vingine, kama saa janja, huuzwa madukani kwa yeyote. Umuhimu wao katika tiba umo kwenye muda. Kipimo cha kliniki huonyesha mwili ulivyo kwa dakika chache mbele ya mhudumu, ilhali kifaa cha kuvaliwa huufuata mchana na usiku, kwa siku au miezi. Hata hivyo kipimo peke yake hakitibu. Faida hupatikana pale penye mtu wa kukisoma na uwezo wa kuchukua hatua.

Historia

Mashine za kwanza za kurekodi umeme wa moyo, zilizotokana na kazi ya Mholanzi Willem Einthoven mwanzoni mwa karne ya 20, zilikuwa kubwa kiasi cha kujaza chumba, na mgonjwa alilazimika kutulia mbele yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mmarekani Norman Holter alitengeneza chombo cha kubebwa mgongoni kilichorusha umeme wa moyo kwa redio. Kilikuwa na uzito wa karibu kilo 38. Kilipunguzwa hatua kwa hatua, na mwaka 1961 Holter alichapisha maelezo ya njia hiyo katika jarida la Science. Hadi leo kifaa kinachorekodi moyo wa mgonjwa kwa saa 24 au zaidi huitwa kwa jina lake.

Nchini Japani, kipimahatua cha kuvaa kiunoni kiliingia sokoni mwaka 1965 kwa jina lenye maana ya kipimo cha hatua 10,000. Idadi hiyo ilienea duniani kote kama lengo la siku, ingawa ilianza kama jina la biashara. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kwamba hatari ya kufa ilipungua kadiri hatua zilivyoongezeka, lakini nafuu hiyo ilikoma kukua kwenye hatua kama 7,500. Mwaka 1974 mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alieleza kanuni ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga bila kutoboa ngozi. Vifaa vya watu wa kawaida vilishamiri baada ya kampuni ya Fitbit kuanzishwa mwaka 2007 na Apple Watch kuanza kuuzwa mwaka 2015. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu saa hiyo kurekodi umeme wa moyo.

Namna vinavyofanya kazi

Ukigeuza saa janja nyingi utaona chini yake taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu huongezeka kwenye mishipa ya kifundo cha mkono na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Moyo unapotulia, mwanga huongezeka. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko na kutoa idadi ya mapigo kwa dakika. Kwa oksijeni hutumika mwanga mwekundu na wa infraredi, kwa kuwa hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza mianga hiyo kwa viwango tofauti. Kipimamwendo, chombo kilekile kinachogeuza picha ya simu unapoilaza, hutambua hatua, kuanguka na kugeukageuka usingizini.

Kifaa cha sukari hufanya kazi kwa kemia. Ni kidude cha ukubwa wa sarafu kinachobandikwa nyuma ya mkono, kikiwa na uzi mwembamba unaoingia milimita chache chini ya ngozi. Kimeng'enya kilicho kwenye uzi huo huchakata glukosi na kuzalisha umeme kidogo unaopimwa. Majimaji yanayopimwa ni yale yaliyo kati ya seli, si damu yenyewe, kwa hiyo jibu huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Sukari inaposhuka kwa kasi, ucheleweshaji huo si wa kupuuzwa.

Huduma kwa wagonjwa

Kisukari ndiyo maradhi ambayo vifaa hivi vimebadilisha zaidi maisha ya kila siku ya mgonjwa. Zamani anayetumia insulini alijitoboa kidole mara kadhaa kwa siku, na usiku hakujua lolote. FreeStyle Libre, iliyoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2014, ilimwezesha kuona sukari yake kwa siku 14 kwa kidude kimoja. Mwaka 2016 FDA iliidhinisha mfumo wa kwanza unaounganisha kipimo hicho na pampu ya insulini, ambayo hujipunguzia au kujiongezea dozi ya msingi. Mgonjwa bado huieleza kiasi cha chakula anachokula. Wakati wa Ramadhani, miongozo ya kimataifa humtaka mwenye kisukari afungue sukari inaposhuka chini ya 3.9 mmol/L au kupita 16.6. Kipimo cha mfululizo humwonyesha inaelekea wapi kabla hajafika hapo. Kikwazo kikubwa ni bei, kwa sababu kidude kikiisha muda wake hununuliwa kingine.

Kwa upande wa moyo, vifaa hivi husaidia kunasa mapigo yasiyo na mpangilio yanayotokana na mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo. Hali hiyo huja na kuondoka, mara nyingi bila dalili, na huongeza hatari ya kiharusi. Chuo Kikuu cha Stanford kiliandikisha watu 419,297 wenye Apple Watch katika muda wa miezi minane. Waliopata taarifa ya mapigo yasiyo ya kawaida walikuwa 2,161, yaani takriban 0.5%, na baadhi yao walitumiwa plasta ya kurekodi moyo. Kati ya 450 waliorejesha plasta zenye rekodi, 34% walithibitishwa kuwa na tatizo hilo. Kugundua, hata hivyo, hakumaanishi kuokoa. Nchini Denmark, watu 6,004 wenye umri wa miaka 70 hadi 90 waligawanywa katika makundi, baadhi wakipandikizwa kirekodi cha moyo chini ya ngozi. Waliogunduliwa kuwa na tatizo katika kundi hilo walikuwa 31.8%, dhidi ya 12.2% katika kundi la huduma ya kawaida, lakini tofauti ya viharusi haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu.

Tanzania imetoa mfano wa aina hiyohiyo katika chumba cha leba. Mkunga wa kawaida husikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa pembe ya Pinard kila baada ya muda fulani, na wodi inapojaa muda huo hurefuka. Kifaa kiitwacho Moyo, cha Laerdal Global Health ya Norway, hufungwa kwa mkanda tumboni mwa mama na kuonyesha mapigo ya mtoto mfululizo. Kina pia sehemu ambayo mama huweka vidole ili mapigo yake yasichanganywe na ya mwanawe. Kilifanyiwa utafiti katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Wakunga waligundua mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi, lakini majaribio hayakuonyesha tofauti ya wazi katika uhai na hali ya watoto waliozaliwa. Mapigo yakishuka, mama huhitaji upasuaji au msaada mwingine wa haraka, na hayo hutegemea daktari, chumba cha upasuaji na damu ya akiba. Nairobi, katika Hospitali ya Aga Khan, watafiti wamepima vihisi laini visivyo na waya vinavyowekwa kifuani na kwenye mguu wa mtoto mchanga badala ya nyaya nyingi za mashine ya kitandani.

Utafiti wa kitabibu

Kwa watafiti, vifaa vya kuvaliwa vimepunguza utegemezi wa kumbukumbu ya mgonjwa. Mtu akiulizwa alilala saa ngapi au alitembea kiasi gani, hukisia. Kati ya mwaka 2013 na 2015, zaidi ya watu 100,000 wa mradi wa UK Biobank nchini Uingereza walivaa kipimamwendo mkononi kwa siku saba. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kupungua kwa kasi ya mwendo kulidokeza ugonjwa wa Parkinson hadi miaka saba kabla ya daktari kuutambua.

Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, nao wamechangia elimu ya usingizi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watu wazima 33 walivaa vipimamwendo kwa siku 20. Katika kipindi chote hicho, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Watafiti waliona humo ushahidi kwamba kulala kwa kupishana, hasa kati ya vijana na wazee, huipa kambi ulinzi wa usiku. Matokeo ya namna hiyo yasingepatikana kwa dodoso wala kwenye maabara ya usingizi. Siaya, magharibi mwa Kenya, vifaa vya mkononi vimetumika kuchunguza jinsi joto kali linavyoathiri usingizi na kazi za wanavijiji.

Majaribio ya dawa pia yanabadilika. Watoto wenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne walizoea kupimwa kwa kutembea dakika sita kwenye ukumbi wa hospitali, na siku moja ya uchovu iliweza kuharibu matokeo. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya, EMA, ilikubali kasi ya hatua iliyopimwa na kifaa cha mguuni nyumbani kuwa kipimo kikuu cha majaribio ya dawa za ugonjwa huo.

Mipaka na hatari

Vipimo vya mwanga havifanyi kazi sawasawa kwenye ngozi zote. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wa mwaka 2020 ulilinganisha vipima oksijeni vya kidoleni na kipimo cha damu ya ateri. Pale kifaa kiliposoma 92 hadi 96%, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88% katika 11.7% ya vipimo vya wagonjwa weusi, na katika 3.6% ya vipimo vya weupe. Kwa hospitali za Afrika, kosa hilo linawahusu karibu wagonjwa wote.

Kuvaa kifaa hakubadilishi tabia kwa lazima. Katika jaribio la Pittsburgh lililochapishwa mwaka 2016, vijana waliopewa vifaa katika mpango wa kupunguza uzito walipungua wastani wa kilo 3.5 katika miezi 24. Wenzao wasiopewa walipungua 5.9. Zipo pia bidhaa za uongo: Februari 2024 FDA ilionya dhidi ya saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwa kuwa haijawahi kuidhinisha hata moja. Anayeweka dozi ya insulini kwa kuzifuata anaweza kupoteza maisha.

Suala jingine ni faragha. Mapema mwaka 2018 ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, iliyokusanya njia za wakimbiaji ilikutwa ikionyesha mahali kambi za kijeshi zilipo. Taarifa za afya zina uzito zaidi, kwani mwajiri au kampuni ya bima ingeweza kuzitumia dhidi ya mwenye nazo. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Taarifa nyingi, hata hivyo, huhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni zilizo nje ya nchi hizo.

Kwa mtumiaji wa kawaida, tahadhari inayotolewa na saa ni sababu ya kwenda kupimwa, na kukaa kimya kwa saa si cheti cha afya. Saa janja haigundui shambulio la moyo. Mwenye maumivu ya kifua, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili au shida ya kupumua anapaswa kuwahi hospitali, hata kama kioo cha saa kinaonyesha kila kitu ki sawa.