Kwa nini klabu ndogo hushindwa kumbakisha nyota

Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Baadaye alitimkia FC Lupopo ya Lubumbashi. Je, timu ingeweza kumzuia?

Ligi yetu haina kikomo cha mishahara. Mwenye fedha hupandisha dau. Ngao ya klabu ndogo ni muda wa mkataba. FIFA humruhusu mchezaji kuzungumza na klabu nyingine ndani ya miezi 6 ya mwisho, na mkataba ukiisha anaondoka bure. Kabla ya hapo, klabu imwongezee mkataba au imuuze.

Geita Gold ilishuka daraja mwaka 2024. Wanaosema ni kwa sababu ya Mpole tu, hatukubaliani nao.