Madhara ya tibakemikali na mionzi katika saratani ya mapafu

Udhibiti wa madhara haya ni huduma inayomwezesha mgonjwa wa saratani ya mapafu kumaliza tibakemikali na mionzi zinapotolewa kwa pamoja. Kwa kawaida mionzi hutolewa siku 5 kwa juma kwa takriban majuma 6, sambamba na dawa kama sisplatini.

Madhara ya mapema: Kuanzia juma la 2 au la 3 umio huvimba na kumeza huuma. Mgonjwa hupewa dawa za maumivu na vyakula laini visivyo na pilipili, kama uji uliopoa. Kichefuchefu huzuiwa kwa ondansetroni na deksamethasoni. Sisplatini hudhuru figo na masikio, hivyo mgonjwa huongezewa maji kwa mshipa na figo hupimwa. Homa ya nyuzijoto 38 au zaidi ni dharura, kwani seli nyeupe za damu hupungua. Antibiotiki huanzishwa mara moja, hata kipimo kikionyesha malaria.

Madhara ya baadaye: Mwezi 1 hadi 6 baada ya mionzi, kikohozi kikavu na kuhema huweza kuashiria mapafu kuvimba kwa mionzi. Hali hiyo hutibiwa kwa prednisoloni.

Wachimbaji: Kwa wachimbaji wa miamba, vumbi la silika huongeza hatari ya saratani ya mapafu, silikosisi na kifua kikuu. Kwa hiyo makohozi yao hupimwa kifua kikuu kabla ya kikohozi kuhusishwa na mionzi.